Kona ya Kayaba

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda kutoka Kaplong, nilikokwenda kumwona mwenzangu wa kanisani aliyelazwa hospitalini, na kabla hatujafika mbali tairi la nyuma likaanza kuyumba. Kijana aliyenibeba akasimamisha pikipiki kando. "Shuka kidogo, nyanya. Tumepata pancha." Nikashuka. Nilipoinua macho nikaona tumesimama kwenye kona ya utoto wangu. Barabara yote ile ndefu, na msumari ukachagua kona hiyo.

Kijana aling'oa msumari kwa koleo, akasukuma kamba nyeusi ya mpira ndani ya tundu, akakata iliyobaki, akajaza upepo kwa kimashine kidogo chenye kelele. Hakutoa tairi. Hakutafuta maji wala msasa. Nilimtazama kwa uchungu ambao hakustahili, maskini, na aliponiuliza kama nimechoka nikamjibu vibaya.

Rafiki yangu, najua wazee wenzangu wakikumbuka utoto huanza na utamu. Maziwa ya zamani yalikuwa mazito, mvua ya zamani ilijua saa zake, watu wa zamani walipendana. Ukweli ni kwamba mvua ilijua saa zake. Ilishuka kutoka upande wa mashamba ya chai kila alasiri, mara nyingi na mvua ya mawe ndani yake. Hayo mengine usiniulize. Miaka ile ya hamsini niliiishi kwa meno yaliyoumana, na kona hiyo ndipo nilipojifunza kuyaumanisha.

Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli. Alitoka kwetu Ukikuyuni kabla sijazaliwa, pamoja na mama yake na mke wake, na chifu wa pale akamruhusu kujenga nyumba ndogo kwenye kona ya barabara ya Sotik. Mama yangu simkumbuki. Alifariki nikiwa bado nanyonya, nikalelewa na nyanya. Kitu cha kwanza baba alichopanda pale, kabla hata ya viazi, kilikuwa ua wa kayaba kuzunguka boma lote, ule mti wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Majirani zetu Wakipsigis hawakuwa na ua wa namna hiyo. Wakasema Mkikuyu amejifungia kama mtu aliyeiba kitu. Baba akasema ua ni wa kuzuia kuku. Kuku wenyewe walipita chini yake kila siku.

Walipita wakaenda moja kwa moja kwenye shamba la wimbi la jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, na uadui ukaanzia hapo. Jirani huyo alikuwa mtu mrefu, mwenye ndewe za masikio zilizotobolewa zamani, na koti la jeshi alilolivaa jua na mvua. Kila asubuhi alifunga mikebe miwili ya maziwa kwenye keria ya baiskeli akayapeleka Sotik kwenye kiwanda cha maziwa. Alimsalimia kila aliyekutana naye njiani, "Chamgei! Chamgei!", lakini akifika kwetu alitazama mbele kana kwamba kona hiyo haina watu. Na sisi hatukuwa malaika. Akishapita tu, nyanya alitoka na ufagio akafagia pale magurudumu yake yalipogusa. Jioni harufu ya mursik yake, yale maziwa ya kibuyu yenye mkaa, ilivuka barabara ikatukuta tunakula githeri, na nyanya alisema, "Kula, usinuse vya watu."

Kazi ya baba niliipenda, nisikudanganye. Baiskeli iligeuzwa miguu juu. Baba alikuwa na vijiko viwili alivyovisugua kwenye jiwe mpaka vikawa bapa. Kwa vijiko hivyo alilitoa tairi kwenye rimu, kisha akavuta tyubu nje taratibu kama mtu anayetoa utumbo wa mbuzi. Aliijaza upepo kidogo, akaizungusha ndani ya karai la maji, na mimi kazi yangu ilikuwa kupiga kelele nikiona mapovu. Halafu msasa, halafu solusheni, ile gundi yenye harufu ya kulevya, na kungoja. Kiraka alikikata mviringo siku zote, kwa sababu kiraka chenye pembe huanza kung'oka kwenye pembe. Mwishowe alitema mate kidogo juu ya valvu kuona kama inapumua. "Ukiharakisha kiraka utakibandika mara mbili," alikuwa akisema. Nilipofika miaka kumi niliweza kuziba pancha peke yangu, na wanaume walisimama kando wakinung'unika kwamba mtoto wa kike anashika baiskeli za watu.

Ndipo serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari. Wakikuyu wote waliokuwa sehemu zile wakaanza kukusanywa, wengine kwenda kuhojiwa, wengine kurudishwa makwao. Baba alichukuliwa akiwa ameshika tairi la mtu. Alipopandishwa kwenye lori alimwambia nyanya neno moja tu, kwa sauti, ili na mimi nisikie: "Nitarudi hapa hapa kwenye kona. Msiondoke." Kwetu Ukikuyuni hatukuwa na hata shimo la kupanda mhogo. Kama tungeondolewa, baba angerudi asitukute, wala asijue atutafute wapi.

Chifu alikuja siku ya pili. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa mtu mwema. Akamtazama nyanya, mzee aliyepinda mgongo, akanitazama mimi. "Mama, wewe kaa na huyu mtoto. Lakini nikisikia lalamiko moja juu yenu, moja tu, mtapanda lori kama wengine." Nyanya akamshukuru kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo kuku walifungwa kamba mguuni.

Tukadhani nitaendelea na kazi ya baba. Karai lilikuwepo, vijiko vilikuwepo, pampu ilikuwepo. Wateja ndio hawakuwepo. Si kwamba baiskeli ziliacha kupata pancha. Barabara ile ilikuwa ya mawe na tairi zilipasuka kama kawaida. Watu walizisukuma wakatupita. Niliwaona wakija kutoka mbali, wameinamia usukani, tairi limelala chini, wakifika kwetu wananyamaza, wakishapita wanaanza tena kuzungumza. Waliona heri watembee mpaka Sotik na baiskeli mkononi kuliko kusimama kwetu. Mmoja wao baba alikuwa amemrekebishia breki bure mwezi uliotangulia. Huyo ndiye aliyeniudhi kuliko wote, mpaka siku hiyo nikakosa hamu ya kula.

Hapa nitakuambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Wala usifikiri nilifanya kwa njaa, maana viazi tulikuwa navyo. Nilifanya kwa hasira. Nilichukua tyubu kuukuu ya baba, ile ya kukatia viraka, nikakata vipande vya mviringo, nikapenyeza mwiba wa kayaba katikati ya kila kipande ili usimame wima ukikanyagwa. Asubuhi na mapema, nyanya akiwa jikoni anakoroga uji, nikavipanda barabarani pale mteremko unapoingia kwenye kona, nikanyunyiza vumbi juu. Niliwaza kwamba wakipasukiwa mbele ya mlango wetu, safari hii watalazimika kutazama. Ulikuwa ujinga mtupu, lakini nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa nimechoka kupitwa.

Wa kwanza kuteremka alikuwa yeye, jirani. Nilisikia mikebe ikigongana, kisha tairi likatoa ule mlio wa upepo ninaoujua hata usingizini. Kwa uzito wa maziwa baiskeli haikusimama. Iliteremka kwenye rimu mpaka mbele ya ua wetu, mkebe mmoja ukalegea, maziwa yakamwagika kidogo mchangani. Akaishika asianguke. Akainama, akaokota kitu kwenye tairi, akakitazama. Halafu akaanza kuja kwetu, akisukuma baiskeli kwa mkono mmoja ameshika fimbo kwa mkono mwingine, na nyanya akatoka jikoni na mwiko.

"Hii ni mwiba ya nani?"

"Mwiba hauna mwenyewe, baba," nyanya alijibu. "Huanguka tu."

"Kayaba iko kwa nani hapa? Sema! Kutoka hapa mpaka Sotik, iko kwa nani?"

"Upepo hubeba miiba."

Akageuza kiganja. Ndani yake kulikuwa na kile kipande cha tyubu, mwiba bado umesimama katikati, mviringo mzuri kabisa kama baba alivyonifundisha. "Na hii? Hii pia imeanguka kutoka kwa mti?"

Nyanya alikitazama, kisha akageuka akanitazama mimi. Macho yale sijayasahau. Angenichapa ningeumia kidogo zaidi ya hapo, au pengine kidogo pungufu, lakini nisingeyakumbuka leo.

"Nilijua nyinyi ni watu wabaya," jirani alisema. "Kuku, nikanyamaza. Sasa miiba. Leo nyinyi mtatoka hapa. Lakini maziwa kwanza. Maziwa ifike Sotik kabla haijaharibika. Wewe msichana, tengeneza. Nikitoka huko napitia kwa chifu. Leo leo."

Nikaigeuza baiskeli. Kijiko kikanitoroka mara mbili. Nilipoitoa tyubu nikaona imechanika karibu na valvu, urefu wa kiganja changu. Hiyo ilihitaji kipande kikubwa cha mpira, na mpira wote mzuri nilikuwa nimeumaliza kukata mitego yangu. Wazee husema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Siku hiyo sikuhitaji mtu wa kunieleza maana yake.

"Sina kiraka," nikasema.

"Fundi gani hana kiraka?"

Akainua fimbo. Nyanya akaingia katikati na mwiko wake, mzee wa watu, mwiko unadondosha uji. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho baba alikifanya mara moja, mtu alipokwama na tyubu isiyofaa: alijaza tairi nyasi. Nikachomoka mbio. Nyuma yangu nilimsikia jirani akisema, "Ona, anakimbia!" Nikateremka mpaka bondeni, kwenye nyasi ndefu zilizokuwa na umande bado, nikang'oa kwa mikono yote miwili mpaka vidole vikachanika, nikapanda tena mbio na mzigo mbele ya kifua.

Nilimkuta bado ameinua fimbo, na nyanya bado yuko mbele yake. Nikasimama kati yao. Pumzi ziliniishia, sikuweza kusema "ni za tairi". Nikamnyoshea tu zile nyasi, mikono miwili, kwa sababu mkono mmoja usingetosha.

Fimbo ikabaki juu. Akatazama nyasi, akanitazama, akatazama nyasi tena. Haikuwa huruma, usije ukafikiri hivyo. Uso wake ulikasirika kuliko mwanzo. Ulikuwa uso wa mtu aliyedhulumiwa haki yake mchana kweupe. Polepole akaishusha fimbo. Kisha akachomoa majani machache kwenye mzigo wangu, kama mtu anayeshika kitu kichafu, akayashika.

"Nani amekufundisha hii?"

"Baba," nikasema. Na kweli ni baba aliyenifundisha kujaza tairi.

"Baba yako," akasema, akafyonza. Akaenda kukaa kwenye jiwe, ametupa mgongo, yale majani machache bado mkononi. Nilishangaa kwa nini ameyashika, lakini nilikuwa na kazi. Nilisokota nyasi kama kamba nene, nikazishindilia ndani ya tairi, nikazigonga kwa jiwe, nikaongeza, nikazigonga, mpaka tairi likawa gumu. Nyanya alinisaidia kulirudisha kwenye rimu. Jirani akafunga mikebe yake akaondoka, baiskeli inaruka kama punda, mikebe inapiga kelele, wala hakugeuka nyuma.

Siku hiyo hatukufanya kitu kingine chochote ila kungoja askari wa chifu. Nyanya alifunga sufuria mbili ndani ya shuka, akafunga na mbegu za maharagwe kwenye kitambaa. Hakunipiga wala hakunikaripia. Alichoniambia ni hiki tu: "Baba yako akija hapa akakuta nyumba tupu, utamwambia nini?" Kisha tukakaa mlangoni. King'ora cha kiwanda cha chai kililia, wachumaji wakapita na vikapu vyao mgongoni, mvua ikanyesha ikakoma. Askari hawakuja, si siku hiyo, si ya pili yake. Siku ya nne nyanya akafungua mzigo kwa sababu alihitaji sufuria.

Nilikuja kuelewa shuleni, majuma mengi baadaye. Wavulana wawili wa Kipsigis walipigana kiwanjani, mmoja akalaliwa chini, anakaribia kuvunjwa meno. Akapapasa ardhini, akang'oa nyasi, akaziinua. Yule wa juu, aliyekuwa anashinda, akaacha ngumi hewani, akainuka, akaondoka analia kwa hasira. Nikamuuliza mwalimu wetu, aliyekuwa mtu wa pale pale, kwa nini ameacha. Mwalimu akanishangaa. "Ameshika nyasi. Mtu akikunyoshea nyasi amekuomba amani. Humpigi, humshitaki. Ukiendelea, laana inarudi kwako na kwa ng'ombe wako."

Ungetarajia nishukuru. Nilikasirika, rafiki yangu, mpaka nikaumwa na kichwa. Mimi sikumwomba amani mtu yule! Nilikuwa namchukia kwa moyo wangu wote, na nilikuwa na haki ya kuchukiwa, na sasa ilionekana nimemnyenyekea mbele ya nyanya yangu na mwiko wake. Na yeye, aliyejua fika kwamba miiba ni yangu, alikuwa amefungwa mikono na ujinga wangu. Nilitaka kwenda kumwambia kwamba nyasi zilikuwa za tairi tu. Nilifika mpaka ukingo wa barabara. Nikamfikiria baba anarudi anakuta nyumba tupu, nikageuka.

Hakutusamehe. Hilo nataka lieleweke. Tangu siku ile, kila asubuhi alipofika juu ya mteremko alishuka kwenye baiskeli, akaisukuma kwa miguu mpaka ng'ambo ya kona, macho chini, akichungulia kila hatua, kisha akapanda tena. Hakusema lolote kwa mtu yeyote. Aliisukuma tu, mbele ya mlango wetu, mikebe ikigongana, na mimi niliketi pale na karai langu nikimwona. Ingekuwa afadhali angenitukana. Wengine walianza kusimama kwetu, mmoja mmoja, na kazi ikarudi. Yeye hakusimama kamwe.

Baba alirudi wimbi likiwa limevunwa mara tatu, amekonda, meno mawili hana, akatukuta pale pale kwenye kona. Asubuhi yake ya kwanza alikaa nje na uji, akamwona jirani anashuka mteremkoni na kutembea. "Kwa nini yule anashuka pale? Hakuna shimo." Nyanya akasema, "Muulize binti yako." Nikasema sijui. Baba alikufa mtu mzima, hajui.

Jirani naye alikufa, mimi nikiwa mama wa watoto. Nilikwenda mazishini nikasimama nyuma kabisa. Sikulia. Tuliendelea kuishi kwenye ile kona, baba akainunua, na mimi nikairithi, mpaka ule mwaka wa kura ambao sisi sote tunaukumbuka na hatupendi kuutaja. Walipokuja kutufukuza walikuwa vijana, wengi, na moto tayari. Miaka yangu ilikuwa imepita sitini. Unajua nilifanya nini? Niliinama kando ya mlango, nikang'oa nyasi, nikatoka nimezishika kwa mikono miwili, nikamnyoshea aliyekuwa mbele. Safari hii nilimaanisha. Kijana akazitazama kwa mshangao wa kweli, bila hata ubaya.

"Shosho," akasema, "ng'ombe ya kula hii iko wapi?"

Kisha wakachoma. Ua wa kayaba ndio uliochelewa kushika moto. Uliungua siku mbili. Tangu hapo naishi Nakuru, na plau ya mtu mwingine imepita juu ya jiwe la kaburi la baba.

Nimemchukia yule mtu wa maziwa maisha yangu yote. Mwezi uliopita, nikiwa nimekaa kando ya lami nikingoja pikipiki itengenezwe, niligundua kwamba natamani angekuwepo. Alinichukia mpaka kaburini, lakini chuki yake ilijua mahali pa kusimama, na hakuvuka mpaka huo hata ilipomuuma. Nilitaka kumwambia mtu, nikamtazama kijana wa bodaboda, nikaona hana nafasi ya hayo.

"Tayari, nyanya. Panda twende."

"Tangulia," nikamwambia. "Nisubiri ng'ambo ya kona. Nitatembea."

"Kwani kuna nini?"

"Kuna miiba."

Akaitazama lami, haina hata jani. Akacheka, akawasha pikipiki, akatangulia. Nami nikaipita ile kona kwa miguu, polepole, macho chini, nikichungulia kila hatua, mpaka nilipofika ng'ambo alikokuwa akinisubiri.